Jinsi ya kumsaidia mwanafunzi ajue kichwa chake kinashikaje vitu

Walimu wenzangu na wazazi, kile kikaratasi cha maswali ambacho mtoto akijaza unamwambia wewe ni wa kuona, wewe wa kusikia, wewe wa vitendo, achaneni nacho. Mwaka 2008 wanasaikolojia wakina Pashler walipitia tafiti za hayo mambo hawakukuta ushahidi wa maana kwamba mtoto akifundishwa kwa "staili yake" ndo anaelewa zaidi, na hata Howard Gardner, yule mwanasaikolojia aliyesema mwaka 1983 kwamba binadamu ana akili za aina 7, mwenyewe keshasema akili zake hizo sio staili za kujifunza. Ubaya wa lebo dogo anaibeba, kesho anakwambia ticha mi ni wa vitendo, kusoma sio fani yangu.

Mi nafanyaga hivi. Nachukua topiki 3 fupi ambazo ugumu wake unakaribiana, tuseme Biolojia kidato cha pili. Ya kwanza wanarudia rudia kusoma daftari kama walivyozoea. Ya pili wanasoma mara moja, wanafunga, wanaandika kwenye karatasi tupu kila wanachokumbuka, iwe mchoro iwe Kiswahili, halafu ndo wanafungua kuona wameacha nini. Ya tatu wanakaa wawili wawili, mmoja anamfundisha mwenzie. Dakika 20 kila moja zinatosha. Baada ya siku 4 au 5 naingia na maswali 5 kwa kila topiki, sijawaambia kabla na maksi haziendi popote, kila mtu anajisahihisha na kujaza nyuma ya daftari: nilitumia njia gani, nilidhani ntapata ngapi, nimepata ngapi. Hiyo ya "nilidhani" isijazwe baada ya majibu, hapo watadanganya, na utamu wote uko hapo.

Kuna binti mmoja madaftari yake ukiyaona unayapenda, peni rangi 4, kila kichwa cha habari kimepigwa mstari kwa rula, anasema akinakili notsi mara 3 zinaingia. Ile ya kurudia akajipa 5, akapata 2. Ile aliyomfundisha mwenzie huku anajiumauma akajipa 2, akapata 4. Akakaa anaiangalia tu. Ukisoma kitu mara nyingi macho yanakizoea unadhani unakijua, na wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hili 2006: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, baada ya wiki waliojikumbusha bila kitabu wakawapita. Ndo maana testi isiwe siku ileile. Na moja haitoshi, rudia mara 2 au 3 ukibadilisha, maana pengine topiki yenyewe ilikuwa nyepesi.

Halafu lugha, hapa wengi tunawaonea watoto. Shule nyingi za msingi huku Tz mtoto kasoma kwa Kiswahili, anafika sekondari masomo karibu yote Kiingereza, akikaa kimya tunasema mzito. Dogo mmoja swali la mmeng'enyo aliacha wazi kabisa, nikamwita pembeni nikamwambia haya, tonge la ugali linaenda wapi, sema kwa Kiswahili. Akalitembeza toka mdomoni mpaka utumbo mwembamba bila kuruka kituo, kisha akaniuliza mbona ile asidi hailigi tumbo lenyewe? (Ni ute jamani, ila siku hiyo nilijikanyaga kidogo.)

Sasa mtoto kama huyo usimwambie "una akili sana", haitamsaidia kitu. Mtajie alichofanya. Mi nilimwambia umekifuata kitu hatua kwa hatua na ukaona penye tundu, fanya hivyo hivyo na History. Siku hizi anapiga mstari pembeni ya ukurasa, anaandika "kwa nini" zake huko kabla hajaanza kusoma. Kiingereza bado kinamtoa jasho, tunaenda nacho maneno 10 kwa wiki.