Namna ya Kusoma Istilahi za Seva Pepe Kabla ya Kuidhinisha Ununuzi

Afisa wa tehama anayeletewa makadirio ya bei ya mtambo wa seva pepe hukutana na karatasi iliyojaa maneno ambayo muuzaji huyataja kana kwamba ni maneno ya sokoni. Njia ninayoipendekeza ya kuyasoma ni kutafuta, nyuma ya kila kinachoitwa pepe, yaani kinachoigizwa na programu, kitu halisi kinachokibeba, kwa kuwa hicho ndicho kinachonunuliwa, kinachojaa na kinachoharibika.

Anza na haipavaiza. Hii ni programu inayogawa prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao wa seva moja kwa mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona kuwa kompyuta kamili. Seva yenyewe huitwa mwenyeji na kila mashine pepe huitwa mgeni, ingawa mgeni huyu hana habari kwamba wapo wageni wengine chini ya paa lilelile. Jambo hili si la juzi: IBM ilitoa VM/370 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa mwaka 1972. Kwenye seva za x86, yaani zile za kawaida zenye prosesa za Intel au AMD, lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu prosesa hizo zilikuwa na amri ambazo haipavaiza haikuweza kuzinasa, na VMware, kampuni inayotengeneza haipavaiza, ililazimika kuzitafsiri amri hizo papo kwa papo mpaka Intel, mwaka 2005, na AMD, mwaka 2006, walipoweka msaada ndani ya prosesa zenyewe. Msaada huo huitwa VT-x au AMD-V, na kabla ya kumlaumu mtu yeyote kwamba mashine pepe haziwaki, fungua mipangilio ya BIOS, programu inayoiwasha seva, uhakikishe msaada huo haujazimwa.

Haipavaiza ya aina ya kwanza hukaa moja kwa moja juu ya maunzi, kama ESXi ya VMware. Ya aina ya pili hukaa juu ya mfumo endeshi mwingine, kama VirtualBox, na mahali pake ni kwenye kompyuta ya majaribio. KVM, haipavaiza iliyoingizwa katika Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007, watu hubishania iwekwe fungu gani. Kwa mnunuzi ubishi huo hauna faida, maana inabeba kazi nzito za kampuni bila shida.

Baada ya hapo, fanya hesabu ya rasilimali. Prosesa pepe si kipande cha prosesa kilichokatwa akapewa mgeni. Ni haki ya kupanga foleni ili kutumia kori halisi, yaani kiini cha prosesa kinachotekeleza amri. Kwa hiyo inaruhusiwa kugawa prosesa pepe nyingi kuliko kori zilizopo, kwa kuwa wageni wengi hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku. Kosa linalojirudia ni kumpa mgeni mmoja prosesa pepe 8 kwa sababu tu seva yake ya zamani ilikuwa na kori 8, hata kama zilikuwa zimelala. Foleni hurefuka, na wote huenda polepole. Mpe 2, mtazame, kisha umwongezee.

Kumbukumbu haina huruma kama hiyo. Ikipungukiwa, haipavaiza hutumia mbinu ya puto: dereva (programu ndogo) aliye ndani ya mgeni hujitwalia kumbukumbu, akijivimbisha kama puto, ili ile aliyoishika irudishwe kwa mwenyeji. Mbinu hii ni ya dharura, si ya kupangia bajeti. Chukua mfano wa wenyeji 3, kila mmoja akiwa na kori 32 na kumbukumbu ya GB 256, wanaobeba wageni 24 wenye prosesa pepe 4 na GB 16 kila mmoja. Jumla ni prosesa pepe 96 na GB 384. Mwenyeji mmoja akifa, waliobaki wana kori 64 na GB 512, hivyo mzigo unabebeka. Wakifa wawili, GB 256 hazitoshi. Hesabu hii ya kuondoa mmoja ndiyo ya kumwomba muuzaji aiandike, badala ya jumla inayopendeza macho.

Neno linaloponza wengi kuliko yote ni picha ya hali, inayohifadhi mashine pepe ilivyokuwa wakati fulani. Inapopigwa, faili la diski pepe huachwa bila kuguswa na kila badiliko jipya huandikwa kwenye faili la pembeni. Kumbe picha hiyo inategemea faili lilelile la awali, kwenye hifadhi ileile. Hifadhi ikiungua, vyote huenda pamoja. Piga picha kabla ya kusasisha programu, kisha uifute: VMware yenyewe inashauri isikae zaidi ya saa 72, kwa sababu faili la pembeni huendelea kukua hadi lijaze hifadhi na kuwasimamisha wageni. Nakala rudufu ni kitu kingine kabisa, nayo sharti ikae kwenye kifaa kingine, ikiwezekana jengo lingine.

Tofautisha vilevile mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Uhamisho hai humtoa mgeni kwa mwenyeji mmoja kwenda kwa mwingine bila kuzimwa, na unahitaji wenyeji wote wawili wawe wazima. Kujiinua upya hutokea mwenyeji akifa ghafla: wageni wake huwashwa kwingine, kwa hiyo watumiaji watakatika kwa muda. Ili klasta, yaani kundi la wenyeji wanaofanya kazi pamoja, iamue nani amekufa, inahitaji akidi, kama kikao chochote. Wenyeji wawili wakipoteza mawasiliano, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ameondoka, wakaandika wote kwenye diski moja. Nunua wenyeji watatu, au wawili pamoja na shahidi, yaani mashine ndogo ya kupiga kura ya tatu tu.

Leseni nyingi huhesabiwa kwa kori, kwa hiyo pata bei yake kabla ya kuchagua prosesa.

Kabla ya kusaini hati ya kupokea mtambo, chagua Jumamosi jioni, mwambie fundi wa muuzaji achomoe nyaya za umeme za mwenyeji mmoja, na uanze kuhesabu dakika hadi mgeni wa mwisho arudi kuwaka.