Kupima ugumu wa springi kwa kuhesabu mitetemo

Mzigo ukining'inia kwenye springi, ukauvuta chini kidogo na kuuachia, hupanda na kushuka kwa muda uleule kila mara. Muda huo (T) hutegemea tungamo (m) na ugumu wa springi (k) tu: T = 2π√(m/k). Hapa tunautumia kupata k.

Andaa stendi na klampu, springi laini, mawe ya mizani ya gramu 100, stopuwachi na pini.

1. Bana stendi mezani. Ikiyumba, nayo inakuwa sehemu ya springi na T inaongezeka.

2. Tundika gramu 200, subiri itulie, kisha weka pini usawa wa alama ya chini ya mzigo. Hapo ndipo utakapohesabia. Wengi huhesabia juu au chini kabisa, na huko mzigo huenda polepole mno hata jicho halijui umegeuka lini. Penye pini unapita kwa kasi kubwa kuliko popote.

3. Vuta sentimita 2 wima, uachie bila kusukuma. Acha mitetemo miwili mitatu ya mwanzo ipite.

4. Mzigo ukipita pini ukishuka, bonyeza saa na useme "sifuri", si "moja". Ukianza na moja utakuwa umepima mitetemo 19 ukidhani ni 20, na k itazidi kwa karibu asilimia 11. Kosa hili ndilo linaloharibu majibu mengi kuliko yote.

5. Hesabu 20, ugawe muda kwa 20. Rudia mara tatu. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 katika sekunde 11.5, kosa halifiki asilimia 2. Katika mtetemo mmoja lingekuwa theluthi nzima.

6. Rudia kwa gramu 300, 400 na 500. Chora T² dhidi ya m (kwa kilo). Mteremko wa mstari ni 4π²/k.

Mfano: gramu 200 zinatoa sekunde 11.5 kwa mitetemo 20, gramu 400 zinatoa 16.1. T² ni 0.331 na 0.648, mteremko 1.585, hivyo k ni takriban N/m 25 (nyutoni kwa mita).

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mstari wangu haupiti kwenye sifuri, unakata mhimili wa T² juu kidogo. Nimekosea?

Marahaba. Hujakosea. Springi nayo ina tungamo, na theluthi yake hutetemeka pamoja na mzigo. Ya gramu 30 huongeza gramu 10. Usiulazimishe mstari upite sifuri, utaharibu mteremko. K yako iko salama.

Mzigo wangu unaanza vizuri, halafu unabembea kushoto na kulia. Nimeuvuta wima kabisa.

Pima urefu kutoka klampu hadi katikati ya mzigo, na springi imerefuka kiasi gani kwa mzigo huo. Urefu ukikaribia mara nne ya mrefuko, mtetemo mmoja wa kupanda na kushuka huchukua nusu ya muda wa bembea moja, na nishati huhamia kwenye bembea. Badilisha mzigo, au ongeza uzi kati ya springi na mzigo.

Nikivuta sentimita 6 badala ya 2, T itaongezeka?

Hapana, mradi springi isilegee ikiwa juu. Kwa springi hii gramu 100 huirefusha karibu sentimita 4 tu. Ukivuta 6 kwa mzigo huo wa gramu 100, koili zitagongana na hesabu yote itavunjika.