SOMO: Pima pumzi ya udongo wako, penye ubaridi na penye joto

Udongo unapumua. Bakteria na kuvu waliomo hula samadi na majani yaliyooza, kisha hutoa hewa ya ukaa. Joto likipanda nyuzi 10, kasi hiyo mara nyingi hukaribia kuwa maradufu, mradi unyevu upo. Na udongo wa dunia umeshika kaboni nyingi kuliko anga na mimea vikijumlishwa! Wana Tabora, hili linatuhusu.

1. Jioni koroga chokaa ya kupaka ukuta, vijiko viwili kwa lita moja ya maji. Funika. Asubuhi mimina maji maangavu ya juu tu. Kinga macho.

2. Chota udongo wa shambani, unyunyizie maji mpaka ukiufinya ushikamane bila kudondosha tone. Hapa ndipo wengi huharibu: ukilowa chepechepe hewa haipiti, ukikauka vijidudu hulala.

3. Gawa sawasawa kwenye chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana. Juu ya udongo weka kikombe kidogo cha maji ya chokaa, kaza kifuniko. Chupa ya tatu iwe na kikombe tu, bila udongo.

4. Moja ya zenye udongo iweke sakafuni karibu na mtungi, nyingine ipandishe juu ya kabati, chini ya bati. Usianike juani, utaviua. Kesho yake linganisha utando mweupe juu ya maji ya chokaa: hewa ya ukaa ndiyo huuleta, kwa hiyo palipo na utando mwingi udongo umepumua zaidi. Ile ya tatu ni ya kulinganishia.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Niko Urambo. Udongo wangu wa Oktoba ulikuwa mkavu. Nilipoulowesha chupa zote mbili zikawa nyeupe upesi. Nimekosea?*

Marahaba. Hujakosea. Udongo wa kiangazi ukipata maji hutoa hewa ya ukaa kwa mkupuo; mtafiti H. F. Birch alilieleza hilo mwaka 1958 akiwa Muguga, Kenya. Mvua za kwanza za Novemba hufanya vivyo hivyo. Lowesha, subiri siku kadhaa, ndipo upime.

*Vijidudu si vitazoea joto?*

Kwa sehemu. Huko Harvard Forest, Marekani, udongo unapashwa nyuzi 5 zaidi tangu 1991: kasi ya kutoa hewa ya ukaa ilipanda, ikashuka chakula chepesi kilipopungua, ikapanda tena. Msitu wa Panama, wa kitropiki kama sisi, ulipashwa nyuzi 4 kwa miaka miwili na hewa ya ukaa ikaongezeka asilimia 55.

*Sasa tuchome mabaki au tuache?*

Ya mahindi yaacheni yafunike ardhi, mchana hupoa. Mabua ya tumbaku ng'oeni na kuyateketeza, yanabeba magonjwa.