Somo: Kusoma barua za Marie Antoinette kwa mama yake bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu, kila mara mtu analeta hapa barua ya kuliza machozi ya Marie Antoinette, yule malkia wa Ufaransa, na kuuliza kama ni ya kweli. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Jua nani kamwandikia nani. Mama ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, yuko Vienna. Binti yuko Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, tangu 1770, ana miaka 14. Wanaandikiana Kifaransa.

2. Angalia tarehe. Mama alifariki 29 Novemba 1780. "Mama mpenzi" ya 1785? Tupa.

3. Sahihi na mwandiko. Hapa ndipo watu wanapigwa, tulieni. Mwaka 1864 zilitoka Paris juzuu za barua zake, za wakusanyaji wawili, Hunolstein na Feuillet de Conches, watu wakazishangilia. Mwaka uliofuata mwanahistoria wa Austria, Alfred von Arneth, akachapa barua zilizotunzwa Vienna kwenyewe, na mambo yakagoma kulingana. Kwa mama yake binti alisaini "Antoinette" tu. Waghushi wakampachika "Marie Antoinette". Tena mwandiko wake wa 1770 ni wa kitoto, wao wakaiga ule wa ukubwani. Tahadhari: kuchapwa kitabuni si ushahidi. Na msitupe juzuu nzima ya Feuillet, kuna barua halisi zimechanganywa humo.

4. Soma sambamba na Mercy-Argenteau, balozi wa Austria Ufaransa. Alikuwa akimripoti binti kwa mama kimyakimya, na binti hakujua. Ndiyo maana mama anagomba kuhusu Madame du Barry, kimada wa mfalme Louis XV, kana kwamba alikuwepo chumbani.

MASWALI

– Mkuu kwa kifupi, ile barua ni ya kweli au feki?
– Ipi? Tarehe? Sahihi?
– Sijaangalia.
– Hatua ya 2 na ya 3.

– Mleta mada unajifanya mjuaji, Kifaransa chenyewe unakijua?
– Nasoma na kamusi pembeni. "Antoinette" haihitaji kamusi.

– Nimesoma kuwa mama aliagiza barua zake zichanwe. Sasa zimefikaje kwetu?
– Swali zuri sana. Aliagiza hivyo kweli binti alipoondoka 1770, akaahidi naye atachana za binti. Lakini katibu wake, Pichler, alikuwa akinakili. Kwa hiyo barua nyingi za mama tunazisoma kwa nakala, na kipimo cha mwandiko hakifanyi kazi kwake. Hatua ya 3 ni ya binti. Ahsante, nitaongeza juu.

– Na zile alizoandikiana na Fersen, yule kabaila wa Sweden aliyekuwa rafiki yake wa karibu, zenye maneno yaliyofutwa kwa wino?
– Hizo ni za 1791 na 1792, mada nyingine, ila ni tamu. Mwaka 2021 watafiti Ufaransa walizipiga eksirei. Aliyefuta ni Fersen mwenyewe.

– Wino juu ya wino, eksirei inatenganishaje?
– Kwa madini. Wino wa wakati ule ulikuwa na chuma, na ndani yake shaba na zinki kwa viwango tofauti. Pale wino wa juu na wa chini ulipofanana, hapakusomeka kitu. Barua 8 kati ya 15 ndizo zilizofunguka.