Kutunza ukanda wa manyoya wa ngoma ya Kimiwok

Wamiwok ni wenyeji wa California, na nyumba zao za ngoma za duara zingali zikitumika, mojawapo ikiwa Chaw'se, Kaunti ya Amador. Mchezaji hufunga kwenye paji la uso ukanda wa manyoya ya kigong'ota: manyoya hunyolewa yakabaki mabua yenye rangi ya chungwa, yakashonwa moja kando ya jingine. Ncha za ukanda huachwa zipepee kichwa kinapotikisika. Mimi hutunza kanda kuukuu katika ghala la makumbusho, na utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Tafuta sumu kabla ya vumbi. Zamani makumbusho yalitumia aseniki na zebaki kuzuia wadudu, na mara nyingi huwezi kuiona. Vaa glavu za nitraili na barakoa, kisha pima kwa kifaa cha eksirei cha mkononi. Usiruke hatua hii hata ukanda uking'aa. Chini ya sheria ya Marekani ya 1990 ya kurejesha mali za wenyeji, ukanda unaweza kurudi kwa wenyewe na kuvaliwa tena, jasho likakutana na sumu ile. Waandikie majibu kwa lugha nyepesi kabla hawajauchukua.

Hatua ya 2: Waulize wenyewe nani aushike na uwekwe vipi.

Hatua ya 3: Ua funza wa nondo. Utie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza ya nyuzi -20 au chini zaidi kwa wiki moja. Ukiutoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, la sivyo manyoya yatalowa umande.

Hatua ya 4: Sasa vumbi. Tumia brashi laini na mashine ya kufyonza iliyopunguzwa nguvu, mdomo wake umezibwa kwa wavu. Fuata bua kutoka shinani kwenda nchani. Siku zangu za mwanzo nilikatiza, nikang'oa uzi mmoja. Uzi wenyewe ulisokotwa kwa mkono kutokana na mmea, si wa dukani.

Hatua ya 5: Ulaze, usiukunje, juu ya karatasi isiyo na asidi. Gizani.

Bua likivunjika, acha pengo. Usinunue unyoya mtandaoni: sheria ya 1918 ya ndege wahamao inamlinda kigong'ota, na hata unyoya uliookotwa huhitaji kibali. Fundi wa Kimiwok ndiye ataamua kama pengo lizibwe.