Kabla Hujamlipa Wakili wa Talaka Hapa Kigoma: Mambo ya Kuzingatia

Ukishaona ndoa imefika mwisho, kila mtu atakuambia neno moja: tafuta wakili. Sawa, mtafute. Lakini usimtafute na hasira za jana usiku, na usimpe hata shilingi kabla hujayasoma haya. Nimewasindikiza wanawake kadhaa, na mwanamume mmoja, kwenye mahakama za hapa mkoani. Waliotoka wanalia, wengi wao hawakulizwa na hakimu. Walilizwa na mambo yaliyotakiwa kufanyika kabla shauri halijafunguliwa.

Kwanza, hakikisha huyo mtu ni wakili kweli. Vishoka wapo, wanavaa suti na kubeba mafaili. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili. Andika jina lake, utaona kama yumo kwenye orodha na kama amehuisha leseni yake. Leseni ya uwakili inahuishwa kila mwaka, kwa hiyo kuwa wakili mwaka juzi hakutoshi. Kama simu yako haina intaneti, mwombe kijana yeyote akuangalizie.

Pili, muulize anafanya mashauri gani zaidi. Wapo mawakili hodari kabisa wa viwanja na wa jinai ambao shauri la ndoa wanaligusa mara moja moja. Usione haya kuuliza: "Wakili, shauri la mwisho la talaka au la malezi ya watoto ulilosimamia lilikuwa lini, na liliishaje?" Mwenye kazi yake hatakasirika.

Mchukue wa karibu. Wakili wa Dar au Mwanza ni mzuri mpaka siku shauri linapokuja kutajwa tu, likaahirishwa ndani ya dakika tano, na nauli yake na malazi yake yakaingia kwenye bili yako. Wa hapa Mwanga au Ujiji atatembea kwa mguu. Ila ukaribu una ubaya wake pia: Kigoma tunajuana. Muulize waziwazi kama amewahi kumfanyia kazi mume wako, au ndugu zake, au mshirika wake wa biashara. Kama ndiye aliyemwandikia mkataba wa kiwanja, aga kwa heshima uende kwingine.

Malipo yaandikwe. Yaandikwe kwenye mkataba, si kwenye meseji. Ada ya wakili ni kiasi gani, ya mahakama nani analipa, rufaa imo au haimo, na mkipatana katikati ya njia itakuwaje. Kila unapolipa, dai risiti.

Sasa sogea hapa, kwa sababu hili ndilo lililommaliza mdogo wangu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mtu kwenda mahakamani kudai talaka moja kwa moja. Lazima mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo litoe hati inayosema limejaribu kuwasuluhisha likashindwa. Mdogo wangu alikuwa na karatasi, na hapo ndipo alipoponzwa. Mume alikuwa na boti ya dagaa, injini na nyavu, wote wawili walivihangaikia, yeye akikausha na kuuza Kibirizi, mume akiingia ziwani. Walipogombana akaenda ofisi ya kata, mtendaji akawasikiliza siku moja, akamwandikia barua. Niliishika kwa mkono wangu mwenyewe. Nusu ukurasa: wahusika wamefika ofisini kwangu, mgogoro wao umeshindikana, naomba wasaidiwe. Chini yake sahihi moja na muhuri wa bluu.

Akaipeleka kwa wakili. Wakili akaitazama juu juu, akasema inatosha. Shauri likafunguliwa, mashahidi wakaja, na mdogo wangu akashinda: talaka, watoto wakae kwake, mume atoe matunzo, na sehemu yake kwenye boti. Tulipika pilau siku ile.

Mume akakata rufaa. Wakili wake hakuhangaika na ushahidi wala tabia ya mtu. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ile barua. Baraza la Usuluhishi lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Hii ina sahihi ya mtendaji peke yake. Wajumbe wako wapi? Hati ya baraza iko wapi? Haikuwepo. Mwenendo wote ukafutwa. Si talaka tu iliyofutika, na amri ya watoto ilikwenda nayo, na ya matunzo, na ya mgawanyo wa mali. Akarudi kuwa mke wa mtu, anaanza upya barazani, huku injini imeshauzwa na hela zimeshaliwa. Wakili wa kwanza akasema shauri jipya lina malipo mapya.

Kwa hiyo nisikilize. Siku ya kwanza ofisini kwa wakili, kabla hujasimulia ulivyopigwa wala ulivyosalitiwa, weka karatasi ya baraza mezani umwambie aisome mbele yako. Iwe imetolewa na baraza lenyewe, si na mtendaji, si na mjumbe wa nyumba kumi, si na Ustawi wa Jamii. Ina fomu yake, Fomu Namba 3. Iwe na majina yenu wote wawili na iseme kwa maneno yanayoeleweka kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Kisha itazame tarehe. Hati hiyo inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua madai. Wapo wanaoipata, wanaifungia kabatini wakisubiri hela ya wakili, na miezi inapita. Wakili ambaye hakuulizi hati ya baraza katika maongezi ya kwanza, muage.

Hapo pia muulize kama wewe una sababu ya kutopita barazani, kwa maana sheria imeacha milango michache. Kama mwenzako alikutelekeza na hujui aliko, kama aliitwa barazani akakataa makusudi kufika, kama amefungwa kifungo cha miaka 5 au zaidi, au kama anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili ya kurudi ndani ya miezi 6. Huu wa mwisho unatuhusu sana sisi wa huku. Wangapi wamevukia Kalemie au Uvira kutafuta maisha na hawajarudi? Lakini mlango huo unafunguliwa na mahakama, si na wewe, kwa hiyo wakili aje na ushahidi wa huko aliko mtu.

Na kama ndoa yenu haijatimiza miaka 2, sema mapema. Hapo inatakiwa ruhusa ya mahakama kwanza.

Dada zangu wa Ujiji mliofunga ndoa ya Kiislamu, karatasi ya talaka aliyokuachia mezani haijamaliza mambo mbele ya mahakama. Mahakama huipa uzito talaka ya Kiislamu pale ambapo baraza limeshathibitisha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha, kisha talaka ikatolewa. Utaratibu ndio huo, baraza kwanza. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wana mabaraza yao na yanatambulika, ila na hati yao isome kama ulivyosoma nyingine: je, inasema wameshindwa kuwasuluhisha, au inasema tu kwamba mmeachana? Hayo ni mambo mawili tofauti, na mashauri yamefutwa kwa ajili ya tofauti hiyo.

Kuhusu mahakama ipi, mashauri ya ndoa yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo ni ya karibu na gharama yake ni nafuu. Zamani mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama pale. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamewaruhusu pale ambapo hakimu anayesikiliza shauri ana cheo cha Hakimu Mkazi. Muulize wakili wako anakupeleka wapi na kwa nini, na jibu lisiwe kwa sababu huko ndiko anakolipwa zaidi.

Mali. Usiende na maneno, nenda na karatasi. Mkataba wa kununua kiwanja, risiti ya injini, leseni ya boti, daftari la kikoba, miamala ya simu ya siku ulizomtumia hela ya nyavu, majina ya majirani waliokuona ukipanda michikichi ile. Vitoe nakala sasa hivi, mkiwa bado mnakaa nyumba moja, kwa sababu mkishaachana kabati litafungwa. Na wewe uliyekaa nyumbani miaka yote, ukapika na kulea, usikubali kuambiwa hukuchuma kitu. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wakili wa ndoa asiyelijua shauri hilo ni sawa na mvuvi asiyelijua ziwa. Ila elewa pia kwamba sheria haisemi nusu kwa nusu. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja, kwa hiyo anayekuahidi nusu kabla hajaona karatasi zako anakufurahisha tu.

Watoto. Hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi, na pande zote mbili. Huku kwetu wazee watasema mtoto ni wa baba, mahari imetolewa, basi. Sheria inaanza na maslahi ya mtoto. Inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kujieleza, na mila za jamii yenu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 inadhaniwa kwamba ni vizuri akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Kwa hiyo mama usibweteke, na baba usikate tamaa. Kuwatunza watoto ni wajibu wa baba hata kama wanakaa kwa mama. Hilo msiruhusu ligeuzwe kuwa hisani. Na kama njaa iko mlangoni leo, muulize wakili kuhusu kuomba matunzo au malezi katika Mahakama ya Watoto bila kusubiri talaka iishe. Huko hakuna habari ya hati ya baraza.

Andaa vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, ripoti za shule, risiti za ada. Usimfiche mtoto kwa bibi yake Kasulu wala Kibondo ili mwenzako asimwone. Unadhani umeshinda, kumbe umempa wakili wa upande wa pili shahidi. Na usimfundishe mtoto maneno ya kumwambia hakimu. Mtoto aliyefundishwa anajulikana akifungua mdomo tu. Anaongea kama mtu mzima, kisha anakuangalia wewe.

Huna hela kabisa? Usikimbilie kukopa kausha damu. Tangu mwaka 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri bila malipo. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Kama kuna kipigo, usisubiri wakili wala baraza: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, nenda hospitali, tunza kila karatasi. Usalama wako kwanza, talaka baadaye.

Mengine ni ya kawaida lakini watu wanayasahau. Usiweke sahihi karatasi tupu. Cheti cha ndoa halisi kaa nacho, mpe wakili nakala. Omba nakala ya kila kinachopelekwa mahakamani kwa jina lako, na namba ya shauri iandike mahali pawili. Tarehe ya shauri nenda mwenyewe hata kama wakili yupo. Acha kutuma sauti za matusi usiku, zitasikilizwa mchana mbele ya watu. Usiuze kitu cha ndoa, hata kuku, kabla ya kuuliza. Ukishindwa, usikae nyumbani ukinung'unika: rufaa ina muda, na kwenda Mahakama Kuu Sheria ya Ndoa imetoa siku 45, kwa hiyo omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa, kabla karani hajafunga ofisi.