Kununua na Kufufua Lori Kuukuu la Farasi: Anzia Chini ya Sakafu

Lori la kubebea farasi huzeeka tofauti na lori la mizigo. La mizigo huchoshwa na kilomita. Hili huchoshwa na kusimama. Linatoka siku chache kwa mwezi, linarudi, linaoshwa harakaharaka, kisha linakaa majuma mazima likiwa na sakafu mbichi. Juu ya hayo kuna mkojo. Urea iliyomo huvunjwa na bakteria ikawa amonia, na chumvi zake hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo pale ulipopenya hapakauki sawasawa hata wakati wa joto. Ndiyo maana utakuta lori lenye kilomita chache, injini inawaka kwa mara moja, na chini yake chuma kinamenyeka kwa kucha.

Nimefufua malori kadhaa ya aina hii, na kila nikienda kutazama lingine nalala chali chini yake kabla sijafungua mlango wa kabini. Injini inanunulika, rangi inanunulika. Fremu na sakafu ndizo zinazombeba mnyama wa kilo 500 ambaye hana namna ya kukuambia kwamba mbao inabonyea.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito kwanza

Tafuta mambo mawili: uzito wa juu kabisa ambao lori limeruhusiwa kuwa nao barabarani, na uzito wake likiwa tupu. Wa kwanza uko kwenye kibao cha mtengenezaji. Wa pili usiuamini kwa maneno. Lipelekwe kwenye mizani. Tuseme ruhusa ni kilo 7,500 na tupu lina kilo 5,600. Zimebaki 1,900. Farasi wawili wa kilo 550 wamekula 1,100. Bado maji, nyasi, matandiko, dizeli, dereva na msaidizi. Malori mengi ya farasi yameongezewa vitanda, jiko na makabati kwa miaka, na kila kabati limekula nafasi ya mnyama. Hesabu isipotoka, usiende kulitazama, hata likiwa zuri namna gani.

Hatua ya 2: Lala chini yake

Nenda na ovaroli, tochi, nyundo ndogo, bisibisi pana na kioo kidogo chenye mkono. Omba lisiwe limeoshwa wala kupakwa kitu chini. Rangi nzito nyeusi ya lami iliyopakwa juzi ni dalili mbaya kwangu, kwa sababu kutu huendelea kula kimyakimya ndani yake.

Gonga kwa nyundo ukisogea kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kudondosha magamba. Mahali pa kukazia ni hapa: mabano yanayoshika springi, mataruma yanayobeba sakafu, maungio ambapo vyuma viwili vimelaliana, sehemu zilizo juu ya magurudumu ya nyuma, mikanda ya tangi la dizeli, matangi ya hewa na mabomba ya breki. Vyuma viwili vilivyolaliana vikianza kusukumana, yaani katikati pamevimba kama kitabu kilichoingia maji, ujue kutu imejenga tabaka na inavitenganisha.

Kutu ya juujuu isikutishe, wala mataruma mawili matatu yaliyotoboka, hayo hubadilishwa. Kinachonifanya niondoke ni tundu au ufa kwenye mhimili mkuu wa chasisi, hasa karibu na mabano ya springi. Mihimili ya malori mengi ni chuma kilichokazwa kwa joto kiwandani, na moto wa kuchomelea hukidhoofisha pembeni mwa kiraka. Kazi hiyo hufuata maelekezo ya mtengenezaji, na mara nyingi gharama yake inazidi thamani ya lori.

Hatua ya 3: Inua mikeka

Muuzaji atakuambia mikeka ya mpira imegundishwa na haiinuki. Mwambie kwa heshima kwamba bila kuiona sakafu hununui. Wakati mmoja nilionyeshwa lori safi sana, mkeka umelala vizuri, hakuna harufu. Tuliuinua kona ya nyuma, upande anaposimama farasi akikojoa. Mbao ilikuwa nyeusi na inang'aa kama sabuni. Niliweka ncha ya bisibisi nikaegemea kwa kiganja tu, ikazama hadi kwenye mpini. Muuzaji mwenyewe alishtuka. Lori hilo lilikuwa limebeba farasi wiki iliyotangulia.

Sakafu ya alumini haina kinga ya milele. Amonia huivunja ngozi yake ya oksidi, kisha unaona unga mweupe na vishimo. Tazama pia pale alumini inapogusa chuma moja kwa moja, maana metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Hatua ya 4: Injini, breki, tairi

Fika injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, kuna kitu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kama breki ni za hewa, jaza hadi kipimo kitulie, zima injini, usikilize. Hewa inayovuja ina sauti. Kwenye tairi usitazame kashata peke yake. Malori haya yana tairi nene zilizokufa kwa uzee. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa na nyufa, ziweke kwenye hesabu ya bei.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi. Sugua kutu uisome mwenyewe.

Hatua ya 5: Bomoa hadi uone mwisho wa ubovu

Toa mikeka, mbao, vizuizi vinavyotenganisha farasi na makabati. Piga picha kila bolti na kila waya kabla ya kufungua. Ondoa sakafu yote hata kama nusu inaonekana nzima, kwa sababu mataruma huoza kwa juu, upande unaoguswa na mbao, ambao ukiwa chini huuoni.

Jilinde hapa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, basi usizisage kavu bila barakoa ya kichujio. Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa, lifute likiwa limeloa. Na usiingie chini ya lori lililosimama juu ya jeki pekee.

Hatua ya 6: Kuchomelea

Tenganisha betri pande zote mbili, chomoa nyaya za alteneta, na kama lina kompyuta ya injini ichomoe pia. Niliwahi kuacha betri imeunganishwa kwa kazi niliyoiona ndogo, nikaunguza daiodi za alteneta. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, ubane karibu kabisa na unapochomelea ili umeme usipite kwenye beringi. Sogeza mabomba ya plastiki, ondoa tangi kama uko karibu nalo, na mweke mtu mwenye kizima moto upande wa pili wa bati, asiondoke hadi nusu saa ipite baada ya kumaliza.

Kata kuoza hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa, kisha ongeza sentimita chache. Usilaze kiraka juu ya kutu. Taruma lililooza libadilishe zima. Kwenye mhimili mkuu usitoboe wala kuchomelea ukingo wa juu au wa chini, maana ndiko nguvu ya kupinda inakokaa.

Hatua ya 7: Kutu na rangi

Hapa ndipo saa nyingi huenda, na hakuna njia ya mkato. Brashi ya waya ya grenda huondoa magamba. Kwenye kona tumia mkono. Kutu iliyobaki kwenye vishimo ipake dawa ya asidi ya fosfori, isubiri, isafishe kama kopo linavyoelekeza. Kisha praima yenye zinki siku hiyohiyo, kabla hewa haijarudisha kutu, halafu rangi ya chasisi mara mbili. Ndani ya vyuma vya boksi, ambako brashi haifiki, nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu. Acha matundu ya kutolea maji wazi. Nimeona mengi yamezibwa na rangi, na chuma kikaoza kwa ndani.

Hatua ya 8: Sakafu mpya

Natumia mbao ngumu au plaiwudi nene ya baharini, na kila ukingo uliokatwa naufunga kwa epoksi kabla ya kulaza. Usitumie mbao iliyotiwa lami ya kreosoti au dawa nyingine kali, farasi hutafuna. Kama ni alumini juu ya chuma, weka utepe wa mpira katikati. Kisha mkeka wa mpira unaoinuka. Wengine huugundisha na kuziba kingo, lakini mimi nataka kuona chini yake.

Hatua ya 9: Rampu na vizuizi

Pima springi za rampu, mlango unaolazwa chini farasi apandie: mtu mmoja aweze kuinua na kushusha bila kumponyoka. Weka papi za kuzuia kuteleza. Vizuizi vifunguke kwa mkono mmoja hata mnyama akivisukuma, maana farasi akianguka ndani utakuwa na sekunde chache. Pitisha kiganja kwenye kuta zote ukitafuta riveti iliyochomoza. Hakikisha ekzosi haivuji chini ya sakafu.

Hatua ya 10: Jaribio

Pakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa farasi wako, pale watakaposimama. Pita kwenye mizani ekseli moja moja, kwa sababu jumla inaweza kuwa sawa na ekseli ya nyuma imezidi. Endesha saa nzima, kisha gusa kila kitovu cha gurudumu. Chenye joto kuliko wenzake kina breki inayobana au beringi mbovu. Lala tena chini utazame kila uchomeleaji.

Halafu mwite farasi mtulivu kuliko wote. Mpandishe, mfunge, injini ikiwa imezimwa, na umwache asimame dakika kumi huku wewe uko chini pembeni ukisikiliza mbao.